Mjini Unguja naona kunguru tu: darubini niipeleke wapi?

SWALI

Assalaam alaykum mwalimu, na shikamoo. Nasomesha skuli ya msingi na nakaa Michenzani, ghorofa ya nne. Ami yangu amerudi kutoka Maskati, kaniletea darubini iliyoandikwa 10x50. Nimeipeleka Forodhani jioni, na Bustani ya Victoria mchana siku za mapumziko. Nilichoambulia ni kunguru, na ndege weusi weusi baharini wasiotambulika. Nikiitazamia kwa muda naona maduara mawili na kichwa kinauma. Juzi mzee mmoja kaniuliza, "Unamchungulia nani?" Niliona haya, nikairudisha mkobani. Je, mji huu una ndege wa kutazamwa, au nijiwekee nauli ya msitu wa Jozani? Na karafuu zikiiva nakwenda Pemba kwa bibi, Wete. Niichukue au niiache? (Rahma, Michenzani)

JIBU

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. Nauli ya Jozani usiitoe bado. Kwa anayeanza, msitu ni mgumu kuliko mji: majani mengi, mwanga haba, ndege wako vileleni na wewe uko chini umekunja shingo. Mjini miti imeachana, mwanga upo, na ndege wameshazoea watu. Kosa si la mji. Umekwenda mahali pazuri kwa saa mbaya, tena na darubini ambayo haijawekwa sawa na macho yako. Tuanze na hiyo darubini, maana isipokaa sawa mengine yote ni bure.

Yashike mapipa yake mawili, uyakunje au uyafungue kwenye bawaba ya kati mpaka nafasi baina ya vioo ilingane na nafasi baina ya mboni zako. Kwenye filamu hutuonyesha maduara mawili yaliyogusana. Kwa macho ya mtu inatakiwa liwe duara moja tu, mviringo kamili. Kisha ujue kwamba macho ya wengi wetu hayalingani nguvu. Chagua kitu kisichotikisika, mfano herufi za bango la upande wa pili wa barabara. Ziba kioo cha mbele cha kulia kwa kiganja, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lizione herufi wazi. Sasa ziba cha kushoto, na gurudumu usiliguse tena; zungusha pete iliyopo kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka herufi zile zile ziwe wazi. Pete ikishapata mahali pake ipige alama kwa rangi ya kucha, kwa sababu wanafunzi wako wakiishika lazima wataizungusha. Tangu hapo kazi yote ni ya gurudumu la kati. Kama unavaa miwani, kunja chini mipira ya machoni. Kama huvai, iache imesimama.

Ukishafanya haya na kichwa bado kinauma, huenda darubini ilianguka safarini na vioo vya ndani vimehama. Nenda pwani, ielekeze kwenye mstari wa upeo wa bahari, halafu isogeze polepole kutoka machoni kiasi cha nusu shubiri, huku ukiendelea kuuona mstari ndani ya mapipa yote mawili. Mstari ukikatika, upande mmoja juu na mwingine chini, hiyo inahitaji fundi mwenye vyombo vya kupimia. Fundi wa saa mwenye bisibisi peke yake atakuzidishia.

Hizo namba sasa. 10 ni mara ngapi inavuta, 50 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Watu wa dukani hupenda kuuza namba ya kwanza iwe kubwa, na mnunuzi hufurahi, lakini kinachovutwa mara kumi ni pamoja na mtetemo wa mikono yako. Na kadiri inavyovuta zaidi ndivyo unavyoona eneo dogo zaidi, kwa hiyo kumkamata ndege mdogo anayerukaruka ndani ya mwembe inakuwa kazi. Wengi tunaotazama ndege bustanini tunapenda 8x42 au 8x32. Yako ni nzito, lakini si mbaya: ukigawa 50 kwa 10 unapata 5, yaani mwale wa mwanga wenye upana wa milimita 5 unaoingia jichoni, na hiyo inatosha hata alfajiri kabla jua halijachomoza. Kwa baharini ni nzuri sana. Iegemeze tu: bega kwenye nguzo ya baraza, viwiko kwenye ukuta wa Forodhani, au ukae chini na viwiko juu ya magoti. Ila usijaribu kumtazama chozi, yule ndege mdogo mnyonya maua, aliyekuja kwenye ua la dirishani pako. Darubini kubwa za aina hiyo nyingi hazioni vizuri kitu kilicho chini ya mita tano au sita. Rudi nyuma ukumbini au mwangalie kwa macho yako. Siku ukinunua yako mwenyewe, zikimbie zile zenye vioo vinavyong'aa vyekundu, na zile zenye kitufe cha kuongeza mvuto mpaka 30. Ni za mapambo.

Adui mkubwa wa darubini katika visiwa hivi ni unyevu. Ukiifungia kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi miezi ya masika, kuvu litaota juu ya vioo vya ndani kama nyuzi za buibui, na likishaota halitoki. Iweke ndani ya kopo la plastiki linaloziba, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Mchele usiweke, una vumbi. Ukitoka pwani, kwanza puliza mchanga, kisha futa chumvi kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo. Ncha ya kanga kavu itakwangua kioo. Na jua usilitazame nayo hata kwa nukta moja, jicho halirudi.

Sasa namna ya kuitumia. Watu wengi wakipewa darubini huiweka machoni mara moja na kuanza kupekua miti nayo. Hivyo hutaona kitu. Darubini haitafuti ndege. Kinachotafuta ni sikio kwanza, kisha jicho tupu linaloona jani lililotikisika bila upepo. Ukimpata, mkazie macho usiyatoe, uinue darubini mpaka ije mbele ya macho yako pale pale yalipo. Jizoeze na vitu visivyoruka: ncha ya mnara wa msikiti, nazi juu ya mnazi. Ukiweza kuipata ncha ya mnara kwa kuinua mara moja, umeiva.

Tuje kwa kunguru, maana ndiye aliyekukatisha tamaa. Huyo mwenye shingo ya kijivu si wa hapa. Aliletwa kutoka India miaka ya 1890, wakati wa utawala wa Waingereza, ili asaidie kula taka za mji. Taka alikula, na hakuishia hapo: anakula mayai na makinda ya ndege wengine, anamzonga kipanga, anaiba vifaranga. Kutoka hapa ameenea mpaka pwani ya bara. Kunguru wa asili, yule mweusi aliyevaa kama fulana nyeupe kifuani na kola nyeupe shingoni, mjini ameshindwa naye. Ukimwona, mwandike.

Nakueleza haya kwa sababu ya kazi. Kunguru ni wengi palipo na majaa, soko, mabaki ya chakula. Forodhani jioni, vibanda vya mishikaki na urojo vikiwa vimewashwa, ni makao yao. Ndege mdogo anayetaka kuishi hapiti hapo saa hizo. Kwa hiyo katika mji huu usitafute "bustani yenye ndege". Tafuta saa ambayo kunguru bado hawajashika mji, na mti wenye kitu cha kuliwa. Saa hiyo ni baada ya sala ya alfajiri mpaka saa mbili au tatu ya asubuhi. Baada ya hapo joto linapanda, watu wanajaa, ndege wadogo wanaingia kivulini na kunyamaza. Saa saba mchana Bustani ya Victoria, hata mimi nisingeona kitu cha maana.

Tena kunguru ana faida moja. Mfano unaona kumi wamekizunguka kilele cha mti, wanapiga kelele na kushuka kwa zamu. Wamemzingira mtu. Aghalabu ni bundi aliyelala au kipanga anayepita. Hapo ndipo pa kuelekeza darubini.

Nenda basi Victoria asubuhi, uchague mti mmoja na ukae nao. Bustani ile ilikuwa ya Seyyid Barghash kabla ya kupewa watu wa mji, ndiyo maana ina miti ya kila namna, mingine kutoka nchi za mbali. Mti wenye maua au matunda ndio unaokufaa. Kwenye maua mekundu yenye shingo ndefu, na kwenye migomba inayotoa maua, utamwona chozi: mdogo, mdomo mwembamba uliopinda, hatulii. Kivulini anaonekana mweusi mtupu. Rangi zake za kijani na zambarau si rangi ya kupaka. Zinatokana na mwanga unavyogonga unyoya, kwa hiyo jua lazima liwe mgongoni kwako. Jike ni wa kahawia na majano hafifu, na hapo ndipo wanaoanza huandika "ndege asiyejulikana". Tazama mdomo kabla ya rangi, kwa kila ndege, siku zote. Mdomo uliopinda na kuchongoka ni wa kunyonya maua, mnene mfupi ni wa kupasua mbegu, mrefu ni wa kuchokoa tope. Ukishaujua mdomo, umeshapunguza majina mengi.

Kwenye mti wenye matunda yupo shore, kichwa cheusi chenye kishungi kidogo na manjano chini ya mkia, na sauti ya kuchangamka kuliko ndege wote wa bustani. Kwenye nyasi tafuta tongosimba, vidogo kabisa, kahawia na tumbo jeupe, wanaokwenda kwa makundi na kuinamisha mashuke kwa uzito wao. Shomoro wa kwenye paa nawe unamjua. Naye pia ni mgeni, asili yake India. Chini ya vichaka, kama hapajafagiliwa mno, huwapo pugi, njiwa mdogo ambaye mlio wake huanza kwa kusitasita kisha ukateremka haraka haraka hadi ukaisha. Utamsikia mara nyingi kabla ya kumwona. Na ukisikia sauti nzito ya kumimina, kama maji yanayotoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, huyo ni dudumizi. Wazee husema anaita mvua. Hupenda vichaka vya pembezoni, kwa hiyo Mbweni na Migombani utamsikia zaidi kuliko Vuga.

Migombani kuna bustani ya mimea, tulivu kuliko Victoria. Mbweni ndiko alikoishi John Kirk, balozi wa Uingereza hapa katika karne ya 19, mtu aliyependa mimea mno, na miti mikubwa ya eneo lile inaheshimika mpaka leo. Kama ningeambiwa nichague mahali pamoja tu karibu na mji, ningechagua Mbweni: miti mirefu, halafu ukiteremka unakuta mikoko na pwani, mambo mawili kwa matembezi mamoja. Kwenye mikoko angalia mdiria, mgongo wa buluu na mdomo mwekundu mkubwa, amekaa kimya juu ya tawi akitazama chini. Yeye hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa hiyo ni mwalimu mzuri wa kujifunzia darubini. Tahadhari moja tu: uwanja wa ndege uko karibu, na darubini isielekezwe upande wa uwanja.

Nyumbani kwako pia usipadharau. Ghorofa ya nne ni usawa wa vilele vya minazi, na wenzako wote wanavitazama kutoka chini. Wale wanaokatiza angani mbele ya majumba ya Michenzani, mabawa kama mundu, wengi huwaita mbayuwayu wote pamoja. Watenge. Anayekaa juu ya waya ni mbayuwayu. Anayeruka tu bila kutua waya ni teleka. Katika teleka, mwenye kiuno cheupe na mkia mfupi ni yule anayejenga chini ya mapaa na kwenye majumba makuu ya mji. Mwembamba wa kijivu, mkia mrefu uliochongoka kama sindano, ni wa minazi: hugundisha kiota chake kwa mate chini ya kuti linaloning'inia, na mayai nayo huyagundisha hapo hapo yasianguke upepo ukivuma. Teleka wana kasi, darubini yako ya mara kumi itakutoa jasho. Wafuate kwa macho kwanza, wakigeuka ndipo uinue.

Bahari ina saa zake nyingine. Forodhani inatazama magharibi. Jioni jua liko mbele yako, na kila kinachoruka kinageuka kivuli. Hao ndio "weusi weusi" wako. Nenda asubuhi, jua likiwa nyuma ya Beit al-Ajaib, uone tofauti: membe wanakuwa weupe wenye kofia nyeusi, na unaweza kusoma rangi ya midomo yao wakiwa wametua juu ya mashua zilizotia nanga. Rangi ya mdomo, wa machungwa au wa manjano, ndiyo inayotenga aina mbili kubwa za membe wa hapa.

Wanaotembea kwenye tope, yaani vitwitwi na wenzao, hawafuati saa ya ukutani, wanafuata maji. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukupwa sana kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Mtu huona pwani tupu akafurahi, kumbe ndege wametawanyika mbali, na jua limeshaanza kuutetemesha mchanga kiasi kwamba hata darubini nzuri haioni. Wewe subiri maji yanapojaa. Yanawasukuma, wanakusanyika, wanakuja mpaka karibu na ulipokaa. Maruhubi, karibu na magofu ya kasri la Barghash lililoungua mwaka 1899, ni pwani ya daladala moja tu kutoka mjini. Kaa chini, usiwafuate. Ukiwafuata wanaruka, na ndege aliyetoka safari ndefu hana nguvu za kupoteza.

Safari yenyewe ni ndefu kweli. Wengi wa vitwitwi hawa huzaliana kaskazini mwa dunia, wengine Siberia kwenye baridi kali, na huja kwetu kuanzia mwisho wa Agosti mpaka Aprili. Ukitoka mwezi wa sita utaona wachache waliobaki na utadhani pwani imekufa. Sululu ni rahisi kumjua, mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini. Kuna ndege mmoja ningependa sana umwone: mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mweusi mnene kupita kiasi, kazi yake kula kaa. Huyo anatoka pande za Ghuba na Pembe ya Afrika, na huko hutaga yai lake ndani ya shimo alilochimba mchangani, jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa pwani. Kulastara wa pwani naye asikuchanganye: wapo weupe pepe na wapo wa rangi ya jivu jeusi, wanatembea pamoja, na ni aina moja.

Na keremkerem, wale wa kijani wanaokamata nyuki hewani, wanabadilishana zamu kwa pepo. Miezi ya kusi ni wale wa Bukini, yaani Madagaska. Kaskazi ikianza wanakuwapo wengine, wenye mashavu ya buluu, waliotoka Asia. Kwa mbali wanafanana, kwa hiyo andika tarehe, itakusaidia kuwatenga kabla hata hujafungua kitabu.

La yule mzee. Usiudhike naye. Mji wetu ni wa nyua na madirisha, na darubini ni chombo cha kuona kisichokuwa chako. Ana haki ya kuuliza. Usiinue darubini usawa wa madirisha, wala usipande darini Mji Mkongwe ukaanza kuzungusha vioo juu ya nyua za watu, hata kama kuna ndege wa ajabu kiasi gani. Elekeza juu ya paa au chini ya ukuta. Bustani ya Victoria inatazamana na Ikulu: ukiwa pale ipe Ikulu mgongo, na askari akikuuliza mweleze kwa utulivu na umwonyeshe daftari lako. Bandarini na karibu na kambi, iache mkobani. Kama utakuwa na kawaida ya kukaa mahali pamoja kila wiki, mwarifu sheha, yaani kiongozi wa mtaa, wa pale. Neno lake linamaliza maswali yote. Na atakayekuuliza unachungulia nini, mpe darubini atazame. Mzee akishamwona chozi kwa karibu, kesho ndiye atakayekuita akwambie ameona ndege gani. Kwenda peke yako alfajiri si lazima. Chukua mdogo wako, au wanafunzi wawili watatu kwa ruhusa ya wazee wao. Darubini moja inatosha watoto watatu, zaidi ya hapo ni ugomvi.

Kwa watoto, jambo moja ulikaze: viota havisogelewi wala havitangazwi. Manati na ulimbo bado vipo mitaani, na kunguru naye ni mjanja, akikuona unakwendea kichaka kimoja kila siku atakuja kuangalia una nini pale. Usichezeshe pia sauti za ndege kwenye simu ili waje. Dume huacha kazi zake akaja kupigana na mwenzake asiyekuwepo.

Daftari uliandike kwa Kiswahili. Tarehe, saa, hali ya maji, mti gani, anafanya nini, mdomo, miguu, kisha rangi. Jina liwe la mwisho. Majina yetu mengi yanabeba aina kadhaa kwa pamoja, chozi ni wengi, mdiria ni wengi, kwa hiyo ongeza sifa: "chozi, utepe wa zambarau kifuani". Ukipenda kuweka kumbukumbu zako mtandaoni ipo programu ya eBird, haitozi kitu. Lakini uandike uliyemwona, si yule ambaye simu imekisia. Tausi wa kisiwa cha Changuu usiwaandike, wale ni wa kufugwa.

Pemba, ichukue, tena uibebe mkononi usiiweke kwenye mizigo ya boti. Ukifika Wete utakuwa na ndege ambao hawapo mahali pengine popote duniani. Mkondo baina ya Unguja na bara ni wa kina kifupi. Zama za barafu, bahari iliposhuka, Unguja ilikuwa imeungana na bara, na ndege wetu hawajapata muda wa kutengana na wa kule. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo kisiwa kile kimekuwa peke yake muda mrefu zaidi. Unguja haina hata aina moja ya ndege iliyo yake peke yake. Pemba ina nne: ninga wa Pemba, yule njiwa wa kijani, chozi wa Pemba, kijindege cha manjano chenye pete nyeupe kuzunguka jicho, na kibundi kidogo ambacho kiliandikwa kitaalamu mwaka 1937.

Watatu wa mwanzo huna haja hata ya kuwatafutia msitu. Kibarazani kwa bibi, kama kuna mpapai na vichaka vya maua, chozi na yule wa pete nyeupe watakuja wenyewe; wa pete nyeupe huja kwa kikundi, wanaitana wakipita mti hadi mti. Ninga ni mgumu kidogo, kijani na kijivu katikati ya majani, hatikisiki. Tafuta mti wenye matunda madogo, usikilize vinavyodondoka chini, kisha upekue matawi kwa darubini, na hii ndiyo mara pekee ninayokuruhusu kupekua.

Kibundi ni wa usiku. Huita noti moja, anapumzika, anaita tena, na hukaa hata kwenye mashamba ya karafuu. Bibi huenda anamjua kwa jina la kihodi. Darubini kwa huyo haina kazi. Msitu wa Ngezi uko mbele ya Konde. Ukitaka kumtafuta huko, pita kwanza kwenye ofisi ya msitu mchana, ukubaliane na mlinzi wa kukuongoza, uende na mtu wa nyumbani, na uvae viatu vya kufunika mguu.